Saksafoni ya Umeme: Eddie Harris na Albamu Iliyoacha Mdundo Uongoze

Albamu ya Eddie Harris iitwayo Is It In, iliyotolewa na kampuni ya Atlantic mwaka 1974, ni miongoni mwa kazi za jazi ninazozirudia mara nyingi kuliko zile zinazojaza orodha za albamu bora za muongo ule, na kila ninapoirudia huzidi kuniridhisha. Ni kazi ya mpulizaji wa saksafoni ya tena (tenor) ambaye aliunganisha chombo chake na umeme, akasimama kando ya gitaa linalotoa sauti ya kinanda, kisha akaitumia mitambo hiyo yote kupiga muziki wenye asili mbili: jazi ya soul aliyolelewa nayo Chicago, na fanki (muziki wa kucheza unaobebwa na besi na dramu) ya miaka ya 1970 ambayo ilikuwa ikizidi kuegemea sauti za kielektroniki. Waliomlaumu walisema kwamba umeme uliipokonya saksafoni pumzi ya binadamu. Mimi ninaamini kwamba umeme ulimwezesha kuipa saksafoni kazi ambayo kwa kawaida haipewi, yaani kuwa sehemu ya mdundo wenyewe badala ya kusimama mbele ya mdundo na kuuhutubia umati.

Ili jambo hilo lionekane vizuri, ni lazima kuanza nyuma kidogo. Harris alizaliwa Chicago tarehe 20 Oktoba 1934. Aliimba kanisani akiwa mtoto, kisha akasoma katika shule ya upili ya DuSable, upande wa kusini wa jiji hilo, chini ya Walter Dyett, mwalimu aliyejulikana kwa ukali wake na ambaye wanafunzi walimwita Kapteni. Mikononi mwa mwalimu huyo walipita pia Gene Ammons, Johnny Griffin na Von Freeman, wote wapulizaji wa saksafoni ambao majina yao hayawezi kuachwa katika historia ya chombo hicho. Baadaye Harris alipiga katika bendi za jeshi la Marekani huko Ulaya, na aliporudi nyumbani alikuwa anamudu piano pamoja na saksafoni. Ninalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu hukimbilia mitambo pale ustadi unapompungukia. Harris alikuwa na ustadi wa kutosha kabla hajagusa swichi yoyote.

Mwaka 1961 alitoa albamu yake ya kwanza, Exodus to Jazz, kupitia kampuni ya Vee-Jay ya Chicago. Wimbo mkuu ulikuwa muziki wa filamu uliotungwa na Ernest Gold, nao Harris aliupuliza katika noti za juu kabisa za saksafoni ya tena, kiasi kwamba msikilizaji asiyeambiwa hudhani anasikia saksafoni ndogo ya alto. Santuri hiyo iliuzwa sana hata ikapewa hadhi ya dhahabu, na hutajwa kuwa ya kwanza ya jazi kufikia kiwango hicho. Mafanikio hayo yalimletea riziki pamoja na lawama, kwa kuwa katika ulimwengu wa jazi msanii anayependwa na watu wengi huanza kutiliwa shaka na wajuzi. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo alishirikiana na mpiga piano Muhal Richard Abrams katika mikutano ya mazoezi huko Chicago, ambako wanamuziki walijaribu mambo ambayo hakuna kampuni ya santuri iliyoyaomba. Mtu mmoja alikuwa na miguu katika pande zote mbili, upande wa wauzaji na upande wa watafiti, na sioni ushahidi kwamba yeye mwenyewe aliona mgongano wowote kati yake.

Utunzi uliomtambulisha kwa wanamuziki wenzake ni Freedom Jazz Dance, uliomo katika albamu ya The In Sound ya mwaka 1965. Mpiga tarumbeta Miles Davis aliuchukua mwaka uliofuata na kuurekodi na kundi lake la watu watano, na tangu hapo umekuwa mtihani ambao kila mwanafunzi wa jazi hupaswa kuufanya. Ugumu wake ni kwamba sauti zake huruka mbali badala ya kupanda hatua kwa hatua, ilhali chini yake piano na besi hukaa mahali pamoja bila kuhama. Melodi inahangaika, msingi umetulia. Mpango huo ndio ufunguo wa kila alichofanya Harris baadaye alipoingia katika umeme na fanki. Aligundua mapema kwamba msingi usiohama humpa mpulizaji uhuru mkubwa, kwa sharti kwamba mpulizaji huyo awe na subira.

Chicago ya wakati huo ilikuwa tayari ikiishi katika jazi ya soul. Ramsey Lewis, mpiga piano wa jiji hilohilo, alipata umaarufu mkubwa mwaka 1965 kwa muziki uliorekodiwa mbele ya hadhira inayopiga makofi kama waumini. Ni muziki uliochukua blues na nyimbo za kanisa za Wamarekani weusi, ukapunguza mbio za noti ngumu za jazi ya miaka ya 1950, na kuwaalika wasikilizaji wainuke vitini. Kinanda, tambarini na makofi vilikuwa na uzito uleule wa tarumbeta. Harris alikuwa mtu wa nyumbani katika muziki huo, na hilo linaeleza kwa nini mashine zilipomfikia hakuzitumia kupiga kelele za ajabu. Alizitumia kuunenepesha mdundo alioujua tangu utoto.

Mashine yenyewe iliitwa Varitone. Ilitengenezwa na kampuni ya Selmer, inayojulikana kwa saksafoni zake, na ikaingia sokoni katikati ya miaka ya 1960. Saksafoni ilitobolewa na kuwekwa maikrofoni ndogo karibu na mahali pa kupulizia, waya ukapelekwa kwenye kisanduku chenye vitufe kilichofungwa kwenye mwili wa chombo, na kutoka hapo sauti ikaenda kwenye kikuza sauti chenye spika yake. Mpulizaji aliweza kuongeza mwangwi, kuitetemesha sauti, au kuifanya iwe nyangavu au nzito. Lakini kitufe muhimu kuliko vyote kilikuwa kile kilichoongeza noti ya pili, oktavu moja chini ya noti inayopulizwa. Noti inayotetema mara 440 kwa sekunde hugawanywa na mzunguko wa umeme ikawa 220, na zote mbili husikika pamoja. Mtu mmoja anapuliza, na masikio yanapokea wapulizaji wawili wanaokwenda sambamba bila kuachana hata kwa unywele.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo kwangu ni la kisanii pia. Mzunguko wa aina hiyo hufuata noti moja kwa wakati mmoja. Ukiupa noti safi yenye mwanzo ulio wazi, hutii. Ukiupa mlio uliojaa kukwaruza, au mbio za noti zinazopandana, hupotea na kutoa mikoromo isiyo na mpangilio. Kwa hiyo Varitone ilimpendelea mpulizaji mwenye ulimi mwepesi, anayeanza na kumaliza kila noti kwa usahihi na asiyeona aibu kuacha nafasi tupu. Wengine walioijaribu, akiwemo mpulizaji Sonny Stitt aliyekuwa bingwa wa mbio za noti, waliivaa juu ya mtindo waliokuwa nao tayari, na matokeo yake ni kwamba unasikia mtindo ule wa zamani ukiwa umevalishwa koti jipya. Harris aliupunguza mtindo wake mpaka ukalingana na kile ambacho mashine inaweza kukifanya vizuri. Huo ni unyenyekevu wa fundi anayekisoma chombo chake kabla ya kukiamrisha, na ndio uliozaa muziki.

Ushahidi mzuri ni Listen Here, kwa sababu tunaweza kuusikia utunzi huo katika hali mbili. Uliwahi kutokea katika albamu yake ya Mean Greens ya mwaka 1966, ambamo Harris alipiga piano ya umeme. Kisha mwaka 1967 aliurekodi upya New York kwa ajili ya albamu ya The Electrifying Eddie Harris, safari hii akiwa na saksafoni yenye Varitone, Jodie Christian kwenye piano, Melvin Jackson kwenye besi na Richard Smith kwenye dramu, pamoja na wapigaji wa ngoma za mkono, mmoja wao akiwa Ray Barretto. Toleo hilo la pili linazidi dakika saba, nalo lilipanda katika orodha za nyimbo za soul za Marekani, jambo ambalo jazi isiyo na maneno haikuwa ikilifanya mara kwa mara.

Ninamwomba msomaji alisikilize toleo hilo kwa makini, kwa sababu ndani yake mmekusanyika karibu kila kitu kilichokuja kukomaa mwaka 1974. Ngoma zinaanza, zenye ladha ya Karibi. Besi inaingia na maneno yake machache, ambayo itayarudia mpaka mwisho. Piano inaweka jibu fupi juu yake, nalo halibadiliki. Kwa muda mrefu hakuna kingine kinachotokea, na mtu aliyezoea jazi ya mbio anaweza kujiuliza kiongozi wa bendi yuko wapi. Anapofika, anafika chini, katika ule mlio wa oktavu mbili, na anasema kitu kifupi kilekile ambacho tayari besi na piano walikuwa wakikisema kwa namna yao. Kisha ananyamaza. Kisha anakisema tena na kubadilisha mwisho wake kidogo. Anapoanza kutanua mazungumzo, hupanda na kushuka kwa miruko ileile ya Freedom Jazz Dance, lakini kila mara hurudi chini na kukaa ndani ya ngoma kana kwamba saksafoni ni ngoma ya saba au ya nane. Mlio ule mnene wa oktavu ya chini ndio unaomruhusu kukaa pale. Saksafoni ya kawaida, ikipuliza maneno mafupi namna hiyo, ingesikika nyembamba na yenye haraka ya kuondoka. Hii ina uzito wa kutulia.

Nilimchezea mjomba wangu wimbo huo nyumbani kwake Buruburu. Ni mtu ambaye ujana wake ulipita katika kumbi za dansi za Nairobi, tangu Starlight mpaka kumbi za mitaa ya mashariki, na katika maisha yake hakuwahi kununua santuri ya jazi ya Kimarekani. Alisikiliza kimya mpaka saksafoni ilipoingia.

“Huyu ni wa wapi?” akauliza.

“Ni Mmarekani, mjomba, wa Chicago.”

“Sawa, mwanangu. Lakini anajua kusubiri. Wapulizaji wetu walijua kusubiri hivyo.”

Jibu lake limekaa nami kwa sababu ni sahihi kimuziki. Katika dansi iliyotamba hapa jijini katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, hasa ile ya Les Mangelepa, kundi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki waliotoka katika bendi ya Baba Gaston, saksafoni na tarumbeta haziongei muda wote. Wimbo unapofika katika sebene, magitaa hushika mzunguko mmoja na kuuzungusha, besi hukaa chini yake, na wapulizaji husubiri, kisha huingia kwa pamoja na sentensi fupi inayouinua mzunguko wote, kisha hukaa kimya tena. Hakuna mchezaji aliyekuwa akilalamika kwamba muziki unajirudia. Kurudia ndiko kulikowafanya wachezaji wabaki ukumbini. Msikilizaji wa Nairobi aliyelelewa na muziki huo, hata kwa kuusikia tu redioni siku za Jumapili, ana sikio linalomfaa Harris kuliko la mhakiki aliyefundishwa kwamba jazi hupimwa kwa wingi wa mabadiliko. Simaanishi kwamba Harris aliwajua Mangelepa au wao kumjua yeye. Walifikia utaratibu unaofanana kwa njia zao, na mizizi ya utaratibu huo haiko mbali na bara hili.

Bara hili lenyewe alilifikia. Tarehe 6 Machi 1971 alipanda jukwaani Accra, Ghana, pamoja na mpiga piano Les McCann, katika tamasha kubwa la Soul to Soul lililowakutanisha Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, Santana, Roberta Flack na wengine na hadhira ya Waghana. Filamu iliyopigwa siku ile inawaonyesha McCann na Harris wakipiga pamoja na mwanamuziki wa Ghana anayetumia kibuyu, naye Harris anaacha nafasi kwa kibuyu hicho kama alivyozoea kuiachia besi. McCann na Harris walikuwa tayari maarufu kwa kazi yao ya Juni 1969 huko Montreux, Uswisi, ambako walipanda jukwaani karibu bila mazoezi na kutoka na albamu ya Swiss Movement, iliyouzwa sana kuliko karibu yote aliyoyafanya Harris. Sitakaa sana hapo. Ni kazi nzuri yenye moto, ila ni ya McCann zaidi, na Harris wa pale ni mgeni wa heshima katika nyumba ya mtu mwingine.

Kati ya Varitone na Is It In alipita pia katika mwangwi wa tepu. Mashine iliyoitwa Echoplex hunasa sauti kwenye utepe wa sumaku unaozunguka na kuirudisha baada ya muda mfupi, na mtumiaji huweza kurefusha au kufupisha muda huo. Katika albamu ya Silver Cycles, Harris alitumia njia hiyo kupuliza juu ya sauti yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, jambo ambalo leo kijana yeyote mwenye pedali ya miguu hulifanya bila kufikiri, lakini ambalo mwishoni mwa miaka ya 1960 lilihitaji masikio yenye ujasiri. Alitengeneza pia tarumbeta yenye kidomo cha saksafoni, na kupanda nayo jukwaani. Baadhi ya majaribio hayo yalibaki kuwa majaribio. Yale yaliyofaa aliyabeba.

Alipofika mwaka 1974, mzigo aliokuwa nao ulikuwa umepungua mpaka ukawa kundi dogo: Ronald Muldrow, Rufus Reid kwenye besi, Billy James kwenye dramu, na yeye mwenyewe. Muldrow alipiga chombo kiitwacho guitorgan, na chombo hicho kinastahili maelezo. Kwa macho ni gitaa. Ndani yake pamefichwa mitambo ya kinanda cha umeme. Vipande vya chuma vilivyo kwenye shingo ya gitaa vimekatwa na kuunganishwa kwa nyaya, kiasi kwamba kidole kinapobana uzi juu ya chuma, mzunguko wa umeme unafungwa na noti ya kinanda inalia, na inaendelea kulia kwa muda wote kidole kikiwa pale, hata kama mkono wa kulia haujagusa uzi. Mpiga gitaa huyo anaweza basi kutandaza sauti ndefu ya kinanda huku akikwangua nyuzi kwa mdundo. Katika kundi la watu wachache, hilo lilimpa Harris kinanda cha jazi ya soul na gitaa la fanki kutoka mikononi mwa mtu mmoja. Naona hapo ndipo palipo siri ya albamu hii: vyombo viwili vya zamani, kila kimoja kikiwa na kivuli chake cha umeme, vinazungumza juu ya besi na dramu zinazopigwa na binadamu. Reid, ambaye mwaka huohuo alichapisha kitabu cha mafunzo ya besi kinachotumiwa na wanafunzi hadi leo, anashikilia katikati kwa uthabiti ambao bila shaka ulikuwa sehemu ya somo lake.

Albamu inaanza na Funkaroma, na tangu sekunde za mwanzo msikilizaji anaelewa kwamba ile ladha ya Karibi ya Listen Here imekwenda na mahali pake pamechukuliwa na fanki nzito isiyo na haraka. Saksafoni imegubikwa na umeme kiasi kwamba kuna nyakati unasahau kwamba ni chombo cha kupuliza, mpaka usikie ulimi wa mpulizaji ukigonga mwanzo wa noti. Pigo hilo dogo la ulimi ndilo pumzi ya binadamu ambayo wakosoaji walidai imepotea. Haikupotea, ilihamia mwanzoni mwa noti, mahali ambapo mpiga ngoma pia huweka nguvu zake zote. Wimbo unaobeba jina la albamu na ule uitwao It's War unaendelea na njia hiyo: msingi mfupi, marudio yenye mabadiliko madogo, na sauti za kielektroniki ambazo kila mara zimefungwa kwenye pigo. Space Commercial unakwenda mbali zaidi katika sauti za ajabu. Siupendi sana, kwa sababu hapo mashine zinaonyeshwa kwa ajili ya kuonyeshwa, na kwa muda ule mfupi Harris anaiacha kanuni yake mwenyewe.

Baada ya nyimbo hizo kuna nafasi ya kupumua. These Lonely Nights ni wimbo wa taratibu, na House Party Blues unaturudisha Chicago ya mitaani bila kujificha. Wapo wanaoziona nyimbo hizi mbili kama vipande vilivyopotea njia na kuingia katika albamu isiyo yao. Nadhani wamekosea. Bila House Party Blues, msikilizaji angeweza kudhani kwamba fanki ya umeme ya Harris ilitoka hewani, lakini anapoisikia blues ile ikiwa na miruko ileile na subira ileile ya kusimama kabla ya jibu, anaelewa kwamba alichokuwa akikisikia tangu Funkaroma kilikuwa jazi ya soul kwa sauti nyingine.

Ni lazima albamu hii iwekwe karibu na ile iliyouzwa zaidi katika kipindi hicho. Mpiga piano Herbie Hancock alitoa Head Hunters mwishoni mwa mwaka 1973, naye pia alikuwa mwana wa Chicago. Hancock alijenga fanki yake kwa sinthesaiza, yaani mitambo inayozalisha sauti yenyewe tangu mwanzo, na aliifanya kazi hiyo kwa kipaji kisichopingika. Harris alikwenda njia nyingine: kila sauti ngeni katika saksafoni yake ilianzia kwenye mapafu. Mashine ilipokea pumzi na kuigeuza, lakini pumzi ilipokoma, mashine nayo ilikoma. Ndiyo maana muziki wake una vituo, na vituo hivyo vina urefu wa pumzi ya mtu. Nikisikiliza Head Hunters ninastaajabia jengo. Nikisikiliza Is It In ninamsikia mtu aliye ndani ya jengo akitembea.

Hapa nyumbani tulikuwa na masikio ya fanki wakati huohuo. Kundi la Matata la Kenya lilikuwa limehamia London mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kurekodi muziki uliochanganya fanki na midundo yetu, na Slim Ali akiwa na Hodi Boys alikuwa akiimba soul kwa Kiingereza katika kumbi za Nairobi na kuijaza sakafu. Ukiziweka santuri zao karibu na za Harris, hazipigani. Sijui kwa nini historia hiyo haisimuliwi zaidi kwa vijana wanaojifunza saksafoni katika jiji hili, kuanzia wale wa mpango wa Ghetto Classics kule Korogocho mpaka wale wanaopuliza katika hoteli na makanisa. Wengi wao wanafundishwa nyimbo za jazi za miaka ya 1940 na 1950, na ni sawa kabisa wafundishwe. Lakini vijana haohao nyumbani wana kompyuta zenye programu za kutengeneza midundo, na mtu hajawaonyesha kwamba kuna mzee aliyekwisha kupita njia hiyo na kuacha alama. Ningependa kila mmoja wao apewe Listen Here na Funkaroma kama mazoezi, kwa masharti kwamba apulize noti chache kadiri inavyowezekana na kila noti iwe na mwanzo ulio wazi. Mashine ya kuongeza oktavu ya chini inapatikana leo kama programu ya bei nafuu. Subira ndiyo inayopaswa kufanyiwa kazi.

Neno moja kuhusu namna ya kusikiliza. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito, kwa hiyo inaikata ile oktavu ya chini ambayo ndiyo msingi wa kazi yote, na kinachobaki ni saksafoni nyembamba inayorudia maneno yake. Mtu akiisikia hivyo na kusema kwamba inachosha, simlaumu. Inahitaji spika yenye kifua. Kwa bahati nzuri tunaishi katika jiji ambalo matatu za Rongai na Umoja zimefungwa spika ambazo kumbi nyingi za muziki zingezitamani, na nina hakika kwamba Funkaroma ukipigwa katika matatu ya usiku inayoteremka Lang'ata Road, hakuna abiria atakayeomba ubadilishwe. Wanaotaka santuri yenyewe watafute kwa wauzaji wa santuri za zamani katika soko la Kenyatta, wakipita kati ya wachoma nyama na wasusi. Albamu za Harris hujitokeza mara kwa mara, ingawa Swiss Movement hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko Is It In.

Kwa atakayetaka kuendelea baada ya albamu hii, ninashauri arudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Plug Me In ya mwaka 1968 ina wapulizaji wengi wanaoizunguka saksafoni ya umeme, na inaonyesha vizuri namna Harris alivyoiweka sauti yake katikati ya wengine bila kuwafunika. Albamu aliyorekodi London pamoja na wanamuziki wa roki wa Uingereza, akiwemo Jeff Beck na Steve Winwood, ina majina makubwa, ila wapigaji wale wanajaza kila nafasi ambayo yeye angeiacha wazi, na saksafoni inalazimika kupaza sauti ili isikike. Baadaye katika muongo huo alielekea zaidi kwenye uimbaji na vichekesho jukwaani, na watu walimpenda kwa hilo, lakini upande huo haunigusi. Alifariki Los Angeles tarehe 5 Novemba 1996, akiwa na umri wa miaka 62. Nikilazimika kubaki na albamu moja tu katika zake zote, nitabaki na hii ya 1974, na ndani yake nitaanza na House Party Blues, kisha nirudi Funkaroma, kwa mpangilio huo, kwa sababu hivyo ndivyo safari yake ilivyokwenda.